Uzoefu wangu na mashine ya TENS kwa maumivu ya mishipa baada ya mkanda wa jeshi (Wete, Pemba)

Kwanza bei, mana najua ndo mnachotaka: shilingi 80,000, ndani kuna mashine yenyewe (TENS ni kimashine cha betri kinachopeleka umeme mdogo kwenye ngozi kutuliza maumivu), waya mbili, vibandiko vinne na waya wa kuchajia. Vibandiko vya akiba nimelipia mbali, 12,000 pakiti. Ni ya Kichina haina jina la maana, nimeagiza duka moja la mtandaoni Dar, ikaja kwa boti ikashushwa bandari ya Mkoani na kijana wa gari akaniletea mpaka Wete. Naipa nyota tatu na nusu kwa tano. Ila kama ningeipima kwa maneno ya tangazo lake ingepata moja, mana tangazo lilisema inaondoa sukari, presha, kiharusi, nguvu za kiume na unene wa tumbo, yote hayo kwa betri iliyo ndogo kuliko simu. Haiondoi. Inachofanya ni kimoja, na hicho kimoja kwangu mie kimenisaidia, ndo nnataka nieleze vizuri ili mtu asinunue kwa matumaini yasiyo yake.

Mie nna miaka 56, fundi cherehani. Mkanda wa jeshi ulinipata upande wa kushoto, umeanzia mgongoni chini ya kombe la bega ukazunguka na mbavu mpaka chini ya ziwa. Mwanzo maumivu matupu, kwenye ngozi hakuna kitu, nkaambiwa gesi, nkaambiwa upepo. Halafu malengelenge yakatoka yamepangana mstari na kila mtu akawa daktari: huyu nimekojolewa na mdudu, yule nimeamkia vibaya, mwengine hasemi kitu anakutazama tu halafu anakwenda kusema kwa jirani. Mnaelewa nnachosema. Huku kwetu mkanda wa jeshi ukikutoka watu wanakwisha kukupimia UKIMWI barazani kabla hujapimwa spitali. Nilipima, sina, na hata ningekuwa nao si kazi yao. Ukweli ni kwamba mkanda unaletwa na virusi vile vile vya tetekuwanga, ukiugua utotoni havitoki, vinakaa kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo miaka na miaka, siku kinga ya mwili ikishuka vinaamka vinafuata mshipa mmoja. UKIMWI unaweza kuishusha kinga ni kweli, lakini na umri tu unatosha, ukishapita 50 hatari inapanda.

Kituo cha kwanza nilichokwenda, jina naliacha, walinipa diklofenaki na losheni ya pinki nkaambiwa nirudi wiki ijayo. Hapo ndo nna donge mpaka leo. Mana kuna dawa ya virusi, asiklovia, mtu mzima anakunywa 800 mg mara 5 kwa siku kwa siku 7, na inatakiwa ianze ndani ya saa 72 tangu vipele kutoka. Mie mpaka nimempata daktari wa kuniandikia hizo saa zishapita zamani. Kwa hivo kama uko nyumbani sasa ivi na malengelenge mapya upande mmoja wa mwili, acha kusoma nenda spitali, na kama yako karibu na jicho nenda mbio.

Malengelenge yakakauka, watu wakanipa pole na hongera, na mie nikabaki na maumivu. Yakipita miezi mitatu na bado yapo ndo daktari anakwambia sasa huu si mkanda tena, ni mshipa wenyewe umeumizwa na unatuma habari za uongo. Jeraha hakuna, ubongo unaambiwa lipo.

Niwaelezeni yalivyo, mana asiyeyajua anadhani mtu anadeka. Kuna kuwaka kusikoisha, kama makaa yamefukiwa chini ya ngozi. Juu yake kunakuja shoti, inapiga kutoka mgongoni mpaka mbele mara moja imekwisha, umeshaangusha mkasi. Halafu kuna la tatu ambalo ndo lilinitesa kuliko yote, mguso. Kanga. Sisemi jinzi wala turubali, nasema kanga iliyofuliwa mpaka imelainika, ikipita tu pale ubavuni nafunga macho. Sidiria nikaitia kabatini. Feni nikaizima usiku mana upepo wake nilikuwa nauhisi, na mnaijua joto la huku kaskazi ikiingia. Mjukuu akija kunikumbatia namtangulizia mkono wa kulia kumzuia, mtoto hajui.

Ila nikagundua kitu. Ukipapitisha kidole panawaka, lakini ukipabonyeza kwa kiganja kizima ukatulia, panapoa kidogo. Basi nikajishonea kibwebwe cha pamba laini, kipana, nakifunga kinabana hakichezi, juu ndo navaa dira. Kitambaa kisipocheza hakichomi. Hiki kibwebwe hakikunigharimu kitu, ni mabaki ya shuka, na nakwambieni kabla hujatoa hela ya mashine jaribu hichi kwanza.

Nilivyojaribu vengine navipitisha haraka. Panadoli na diklofenaki, sikuona kitu, baadae nikaelezwa kuwa dawa hizo ni za uvimbe na maumivu ya kawaida, kwa mshipa ulioharibika mara nyingi hazigusi. Mafuta ya mkarafuu, nani Pemba hajapakwa, ndani yake mna yujenoli ambayo hata madaktari wa meno wanaitumia kufisha ganzi, na mie kwa goti naipaka mpaka kesho, lakini ngozi ambayo kanga inaiumiza ukiitia mafuta ya mkarafuu yasiyochanganywa unajitafutia. Kuna krimu ya kapsaisini, ile inayotokana na ukali wa pilipili, asilimia 0.075, kaka angu aliniletea kutoka Maskati. Inatakiwa upake mara tatu nne kwa siku, kwa wiki kadhaa, bila kuruka, inaunguza mwanzo halafu mishipa inachoka. Sasa mie kazi yangu ni vidole, natia uzi, nashika vitambaa vya watu, nashika macho. Nikampa jirani mwenye visigino vinavyowaka kwa sukari, yeye inamfaa.

Sasa kabla ya mashine lazima niseme kidonge, mana nikisifu mashine peke yake nitakuwa nadanganya. Usingizi haukurudishwa na mashine. Umerudishwa na amitriptilini. Daktari alinianzishia nusu ya kidonge cha 25, usiku, masaa mawili kabla ya kulala. Kidonge rahisi, hakina makubwa, na ni dawa ya zamani. Tatizo lake kwanza ni jina lililoandikwa kwenye karatasi ndani ya boksi: dawa ya huzuni, depresheni. Kijana wa famasi akanitazama, akaniuliza kwa sauti mbele za watu, "mama hii ni ya kwako?" Ndio baba, ya kwangu. Dawa hiyo hiyo kwa kiwango kidogo inatuliza mishipa ya fahamu, haina maana kwamba nimerukwa na akili, na hata mwenye huzuni naye ni mgonjwa anahitaji dawa yake bila kupigiwa kelele kaunta. Haikufanya kazi siku ile ile. Wiki za mwanzo nilikuwa naamka kichwa kizito, mdomo umekauka mpaka ulimi unanata, choo kigumu, nikataka kuacha, daktari akanambia vumilia kidogo, na kweli taratibu ule moto ukashuka na nikaanza kulala usiku mzima. Siku hizi nakunywa 25 nzima. Ramadhani nakunywa baada ya tarawehe na namwambia mkwe wangu anigongee mlango daku mana alamu peke yake siisikii. Mwenye maradhi ya moyo, mwenye presha ya macho, mzee anayepata shida ya mkojo, hii dawa si ya kujinunulia, muulize daktari, kuna nyengine kama gabapentini ambayo kwangu ilikuwa ghali na ilinifanya nione kizunguzungu.

Basi usiku ukawa salama, ukabaki mchana. Na mchana ndo kuna cherehani.

Habari ya mashine niliipata kwa mtoto wa mdogo wangu, anasoma fiziotherapia, tiba ya viungo, hospitali ya KCMC Moshi. Nilimweleza kwenye simu ile habari ya kiganja kutuliza, akacheka akanambia mamkubwa, hicho umekigundua mwenyewe kina watu wawili walikiandika mwaka 1965, Melzack na Wall. Kwa alivonieleza, uti wa mgongo una mlango. Mishipa minene inayobeba mguso na mishipa myembamba inayobeba maumivu yote inapita hapo hapo, ukiishughulisha ile minene mlango unabanwa, maumivu yanapita machache. Ndo mana mtoto akijigonga unampapasa. TENS kazi yake ni kupeleka umeme mdogo kwenye ngozi kuishughulisha hio mishipa ya mguso bila kuchoka, mkono unachoka, umeme hauchoki. Lakini mtoto yule ni mkweli, akanambia pia usidhani wataalamu wamekubaliana, mwaka 2017 watu wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, walikusanya tafiti zote za TENS kwa maumivu ya mishipa ya fahamu kwa watu wazima wakasema ushahidi ni dhaifu mno huwezi kusema kwa uhakika inafanya kazi au haifanyi. "Kwa hivo mamkubwa ujaribu, ikikufaa inakufaa, isipokufaa usinilaumu." Nikampenda kwa hilo, kuliko muuzaji.

Sasa matumizi. Ina vitufe vya kuongeza na kupunguza, na kitufe cha kubadilisha mtindo wenye vipicha vya mguu, bega, kiuno. Hivo vipicha achana navyo, haina akili ya kujua umeiweka wapi. Mie naweka mtindo wa mapigo ya haraka, karibu 100 kwa sekunde, ndo ule unaotekenya mfululizo. Ule wa taratibu unaotikisa nyama siupendi mbavuni.

Kubwa kuliko yote ni pa kubandika, na karatasi iliyokuja nayo, Kichina upande mmoja na Kiingereza cha kubahatisha upande wa pili, haikusema. Usibandike pale pale panapokuchoma kwa mguso. Mara ya kwanza mtoto aliniongoza kwa simu ya video na mkwe wangu ndo kanibandikia, viwili juu ya mstari wa mkanda na viwili chini yake, kwenye ngozi nzima, vinafuata ubavu, maumivu yanakuwa katikati. Na usibandike pale palipokufa ganzi, mana huhisi kitu utapandisha mpaka uungue. Mimi nna yote mawili, kuna sehemu inayowaka na kuna kipande cha ngozi nyuma hata ukikichoma sindano hakisemi, hio ndo tabia ya ugonjwa huu.

Unaanza sifuri unapandisha polepole. Kwenye mashine yangu nafika 6 au 7, pale inapotekenya kwa nguvu lakini haiumizi. Ikiuma umezidisha. Baada ya robo saa hivi mwili unaizoea unaona kama imezima, unapandisha kidogo. Naivaa nusu saa mpaka saa moja, naichomeka kwenye kibwebwe changu, waya zinapita ndani ya dira, nakaa kwenye cherehani. Sikwambii maumivu yanaondoka. Yanakwenda chumba cha pili, yapo lakini hayanizungumzishi. Ikizimwa napata muda fulani wa utulivu, siku nzuri saa moja na zaidi, siku mbaya hata dakika kumi sizipati. Lakini saa moja ya kazi kwa fundi ni suruali ya skuli imekwisha, na Disemba wakati wa sare kila saa ina pesa yake.

Palipoipa hio nusu nyota ya juu ni msimu wa karafuu. Sijui kama watu wa bara mnaijua kazi ya kuchambua. Karafuu zinashuka shambani jioni na vikonyo vyake, lazima zitenganishwe usiku huo huo zianikwe asubuhi, basi wanawake na watoto tunakaa majamvini duara, kishada kimoja kwenye kiganja, unasukuma kwa gumba karafuu huku makonyo kule, na unalipwa kwa pishi. Unainama mbele na mikono iko kifuani masaa. Msimu uliopita kabla ya mashine nilikuwa nachambua nusu pishi nainuka nakwenda kulala na njia nzima nalia. Msimu huu nilikaa mpaka wenzangu walipoinuka, nikiivaa kwa vipindi, nusu saa nawasha, nazima, nawasha tena. Kijana mmoja wa kama miaka sita akaona taa ya kijani inamulika ndani ya dira akaniuliza bibi umemeza simu? Majamvi yote yakacheka. Na kucheka kwenyewe kunauma ubavu, lakini bas.

Mabaya yake sasa. Vibandiko kwa joto letu havidumu. Tangazo linasema kila kimoja mara 30, labda huko kwao kwenye baridi. Hapa jasho likiingia kinaanza kuchungulia pembeni, na kikinyanyuka pembe moja umeme wote unakusanyika pale palipobaki unachoma kwelikweli. Dawa yake: futa ngozi kwa kitambaa kibichi, ikauke kabisa, usiwe umejipaka mafuta ya nazi (na sie huku nani hajipaki, ndo shida yenyewe), ukimaliza rudisha kibandiko kwenye plastiki yake na kama kimekauka kitie tone moja la maji kwa kidole. Navihifadhi kwenye friji kwenye mfuko wa zipu, mume wangu anauliza kila siku hivi vinaliwa. Poda usitie kabisa.

La pili, chaji. Inakaa vizuri, mwanzo nilikuwa nachaji mara moja baada ya siku kadhaa, lakini huu umeme wetu unaopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, ukikatika ukakukuta na betri tupu utakaa na maumivu yako mpaka urudi. Ningejua kuna zile zinazotumia betri ya mraba ya volti 9 ningezingatia, mana betri unanunua dukani. Sasa naichaji kila usiku hata kama haijesha.

La tatu ni wauzaji. Nilimpigia yule wa Dar nikamuuliza wifi yangu ana mimba anaumwa kiuno aitumie? Akanijibu "haina madhara kabisa mama, hata mtoto mchanga". Huyo asikilizwe kwa bei tu. Mjamzito asibandike tumboni wala kiunoni bila kuambiwa na mtu wa spitali. Mwenye betri ya moyo (pesimeka, kile kifaa kinachopandikizwa kuendesha mapigo) haimuhusu kabisa. Mwenye kifafa aulize kwanza. Usibandike mbele ya shingo, wala kichwani, wala juu ya malengelenge au kidonda kibichi, usiivae ukioga, ukiendesha chombo au ukilala. Na kifuani usiweke kimoja mbele na kimoja nyuma umeme ukapita katikati, viwe upande mmoja tu. Wifi alikandwa kiuno kwa maji ya moto akatosheka.

Nani anunue basi. Mtu ambaye kishaonana na daktari, anajua maumivu yake ni ya mshipa na yako sehemu moja inayobandikika, na anataka apate masaa ya kufanya kazi. Mtu wa kisukari miguu imekufa ganzi asinunue, atajiunguza asijue, yule jirani yangu nimemkatalia hata kuiazima. Na anayetafuta kitu cha kupona nacho, hiki sicho, maumivu haya kwa wengi yanapungua yenyewe kwa muda na kwa wengine yanakaa, mie yangu yamepungua siwezi kukwambia ni muda, kidonge au mashine, pengine zote. Mume wangu ana miaka 60 na nimemwambia akisafiri kwenda kwa kaka Maskati aulizie chanjo ya mkanda, Shingrix, Marekani waliiruhusu 2017 kwa wenye miaka 50 na zaidi, sindano mbili. Anaogopa sindano lakini kaniona nilivokuwa, hajabisha.

Kidogo cha mwisho kwa mtakaonunua: chunguzeni pale waya unapoingia kwenye mashine, ndo pabovu. Wangu wa kushoto ulianza kukatika-katika baada ya miezi michache, muuzaji akanambia garantii ni ya mashine si ya waya, nikampelekea fundi simu hapa Wete akanilehemea kwa 3,000 na kauzungushia mpira wa kuchoma, tangu hapo haujanisumbua.